Bega la Kulia

"Ushahidi uko wapi?" mke aliuliza, akielekeza kijiko kwenye mlango wa jikoni.

Mume hakuhitaji kugeuka. Aliyajua yaliyoandikwa pale kwa chaki, upande wa ndani, kwa mwandiko wa duara wa mtu anayeheshimu kila herufi. Una ushahidi gani? Kuna maelezo mengine? Ungemwambia nini rafiki yako? Alikuwa amesema tu, akiikoroga chai yake, kwamba anahisi leo watamwondoa kazini.

"Sina ushahidi," alisema.

"Basi?"

"Basi ni wazo tu."

"Haya, kunywa chai."

Mama yake mume, aliyekuwa akimenya viazi kwenye kiti chake karibu na dirisha, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Alisema tangu azaliwe hajaona nyumba yenye mahakama jikoni, na kwamba siku hizi anaogopa hata kusema chumvi imezidi, asije akaambiwa alete shahidi. Mke naye alicheka. Mama mkwe wake alikuwa na ulimi mwepesi ambao haukuwahi kumjeruhi mtu, na miaka yote waliyoishi pamoja hakumwita mkwe hata siku moja. Alimwita mwanangu wa pili.

Mume aliinuka, akachukua mkoba wake wa chakula, akasimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akaenda kazini, na mke akamwangalia mgongo mpaka alipokata kona, akimwombea kimyakimya, kama alivyofanya kila asubuhi.

Mume alikuwa mkataji katika karakana ya kushona sare za shule. Mshonaji akikosea hufumua na kushona upya, lakini mkataji akishakata amekata, na kwa sababu hiyo meza ya kukatia ilikuwa na heshima yake. Kwa muda mrefu wenzake walimwita Mstari, kwa vile hakuwahi kutoka nje ya chaki.

Vitambaa vya makoti hutandazwa tabaka juu ya tabaka, uso ukitazamana na uso, ili mkato mmoja utoe mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Siku moja, akili ikiwa mbali, alivitandaza vyote uso ukiwa juu. Akaweka kielelezo, akachora, akaisukuma mashine. Mkato ulitoka safi kama siku zote. Ni washonaji waliogundua, walipoanza kuunganisha, kwamba kila mkono wanaoushika ni wa kushoto.

Bosi hakupiga kelele. Alisimama juu ya lile rundo la mikono, akainua mmoja, akainua mwingine, akairudisha chini taratibu kama mtu anayefunika maiti. Kisha akamwambia mkataji akae kwanza na wanafunzi kwenye mabenchi mafupi, awasaidie kupunguza nyuzi. Meza angemhifadhia mpaka kitambaa cha makoti mapya kitakapofika. Siku hiyo akishindwa kushika mashine, meza ingekuwa ya mpiga pasi, aliyekuwa akiitaka kwa siku nyingi na hakuficha.

Jina la Mstari likafa. Wakamwita Shoto. "Shoto, leo tunavaa upande gani?" waliuliza asubuhi, na yeye alicheka pamoja nao, akiwa amekunja magoti yake marefu kwenye benchi la wanafunzi, akiwa na kimkasi cha nyuzi mkononi.

Nyumbani hakucheka. Alikuwa akirudi njiani kuhakikisha amefunga mlango, na akifika alikuta umefungwa, na akiondoka alishuku tena. Aliona kila kitu kimekwenda upande: picha ukutani, fremu ya mlango, ukingo wa kitambaa cha meza. Alisema yeye ni mtu wa kuharibu, na alilisema neno hilo bila uchungu, kama anayetaja urefu wake. Siku moja alishika kisu cha mkate, akakiangalia, akamsukumia mkewe kisu na mkate. "Kata wewe," alisema. Mama yake aliona, akageuza uso dirishani.

Mke aliomba. Alifunga, akaomba, akawaomba na wengine wamsaidie kuomba. Ikafika siku akahisi kwamba huenda Mungu ameshamjibu, na jibu lenyewe linakaa kwenye chumba cha mwisho cha zahanati, pale palipoandikwa Ushauri.

Mshauri alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mwenye viatu vilivyochoka na sauti isiyo na haraka. Mume alimwita daktari, yeye akakataa kuitwa hivyo. Aliwaeleza kwamba kuna mawazo yenye tabia ya kuruka: koti limekosewa, na wazo linaruka kutoka kwenye koti mpaka kwenye mtu mzima, kutoka kwenye siku moja mpaka kwenye maisha yote. Wazo likija namna hiyo, alisema, usilipige na usilikimbie. Liketishe, uliulize maswali. Akawapa yale matatu.

Tena akamfundisha mume kutulia. Kila siku, kwa muda mfupi, achague kitu kimoja tu na kukitazama kama kilivyo, bila kukihukumu. Akili ikipotea, airudishe bila kuigombeza. Mke aliuliza kama kukaa hivyo hakugombani na sala. Mshauri akasema wako wanaoanza na sala na wako wanaomaliza nayo, na yeye hajamwona bado aliyeharibikiwa. Mke akaridhika.

Mke mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Alirudi shuleni akiwa na mvi za kwanza, kwenye masomo ya jioni, katika madawati yaliyombana mapaja, na tangu hapo kila alichofundishwa alikiona kama mkate kwa mtu aliyekaa na njaa siku nyingi. Pale kwenye chumba cha ushauri alikaa mbele kuliko mumewe. Mshauri alisema, na alisema wazi, kwamba maswali yale ni ya mume kujiuliza mwenyewe, polepole, na si ya kuulizwa na mtu. Mke alitikisa kichwa kukubali. Lakini wakati huo alikuwa bado anakariri swali la tatu, na maneno yale yakampita.

Walipofika nyumbani alitafuta chaki.

Na ni kweli kwamba mume alipata nafuu. Si haki kulificha hilo. Alianza kwa kutazama vifungo. Alirudi kutoka kazini na kifungo kimoja mfukoni, akikaa anakiweka gotini na kukitazama, matundu yake manne, ukingo wake uliolika. Baadaye akatazama mvuke wa chai. Baadaye majani ya mti wa jirani. Usingizi ukarudi. Asubuhi moja alivuta mkate kwake bila kuambiwa, akaukata vipande vilivyolingana, na mama yake akala viwili zaidi ya kawaida yake.

Mume alipoona mkono wake umetulia, alinunua kitambaa cha gauni. Alisema atamshonea mama. Mama akamwambia kama ni la mikono yote ya kushoto, heri amshonee shuka. Wote watatu walicheka, na huo ulikuwa mzaha wa kwanza juu ya makoti uliosemwa ndani ya nyumba ile.

Alimpima alasiri, karibu na dirisha, penye mwanga. Mke alikuwa chumbani akipiga pasi blauzi; jioni hiyo alikuwa na mtihani.

"Simama wima, mama."

"Nimesimama."

"Umeinama kulia."

"Ni dunia ndiyo imeinama. Pima."

Mume alizungusha utepe wa kupimia mabegani mwake, akaukaza, akaulegeza. Kitu hakikukaa sawa. Moyo wake ukaanza kwenda mbio kama zamani, naye akafanya alivyofundishwa: akavuta pumzi, akaitoa, akarudisha akili kwenye kilicho mbele yake, akatazama bila kuhukumu. Aliona kola iliyofifia. Aliona shingo ya mama yake, na mishipa yake, na kovu dogo nyuma ya sikio. Aliona bega la kushoto, na aliona bega la kulia, nalo lilikuwa chini ya mwenzake kwa upana wa kidole. Aliyajua mabega yale. Alikuwa amewahi kuyashonea. Alipompa mama kikombe cha maji, mama alikipokea kwa mkono wa kushoto, na alipoulizwa akasema ule mwingine ameulalia, umekufa ganzi, utaamka.

Mume aliingia chumbani na utepe ukiwa bado shingoni.

"Bega la mama limeshuka."

"Limeshuka vipi?"

"La kulia. Kidole kizima. Na kikombe amekipokea kwa kushoto."

Mke aliisimamisha pasi. Alikuwa amekariri tangu asubuhi na kichwa chake kilikuwa kimejaa, lakini hakumkemea. Alimtazama kwa subira, kama walivyomtazama walimu wake.

"Mwenzangu, tangu makoti yale, ni vitu vingapi umeviona vimekwenda upande? Mlango uliuona umepinda. Picha uliiona imepinda. Hata mimi uliniambia nyusi zangu hazilingani."

"Hazilingani."

Mke alicheka kidogo. "Haya. Ushahidi?"

"Nimeona kwa macho."

"Macho yaleyale yaliyouona mlango. Kuna maelezo mengine?"

"Anasema amelalia mkono."

"Na rafiki yako angekuja na habari hii, ungemwambia nini?"

Nje ya chumba mama alikuwa akiimba wimbo wa ibada kwa sauti ya chini, akiruka maneno aliyoyasahau. Mume alitaka kusema kwamba angemwambia rafiki ampeleke mama yake hospitali. Sentensi ilikuwa pale, imekamilika, kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikumbuka usiku wote alioamka kukagua mlango uliofungwa, akakumbuka uso wa mkewe akiamka naye, na alitamani sana kuwa mgonjwa anayepona.

"Ningemwambia asijitie hofu," alisema.

"Umeona?"

Mke akamvua utepe shingoni, akaukunja vizuri, akamwekea mfukoni. Akavaa blauzi yake ingali na joto la pasi, akamuaga mama mkwe, aliyemtakia heri kwa kumwita mwanangu wa pili na kumwambia akaandike mpaka walimu wakome. Neno la mwisho lilitoka zito kidogo, kama la mtu mwenye kitu mdomoni. Mke alidhani anatafuna.

Njiani alimshukuru Mungu kwa akili za kujifunza alizompa uzeeni. Katika mtihani ule alipata alama nzuri. Hakuwahi kumwonyesha mtu.

Kitambaa cha makoti kilifika kesho yake. Bosi alikishusha mwenyewe, akamwita mkataji kutoka kwenye benchi, akasimama pembeni mikono nyuma. Mpiga pasi naye akaacha pasi.

Mkataji alitandaza, uso kwa uso, tabaka kwa tabaka, akilainisha kila moja kwa kiganja. Wazo lilikuja, likamwambia ataharibu. Alilikaribisha likae. Akachora. Akavuta pumzi, akawasha mashine, akaisukuma kwenye kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu mikono ile ya kushoto hakusikia kitu kingine isipokuwa mlio wake na kitambaa kikiachana. Alipozima, karakana yote ilikuwa kimya. Mshonaji mmoja mkongwe, mwanamke asiyependa maneno, alikuja mezani, akachomoa mkono wa kulia na mkono wa kushoto, akaipigisha kofi mmoja kwa mwingine.

"Mstari amerudi," alisema.

Walipiga makofi. Bosi alimgusa bega na kwenda zake. Mkataji alikuwa bado anatabasamu alipoitoa simu iliyokuwa ikitetemeka mfukoni, pamoja na utepe uliokunjwa vizuri. Alidhani mkewe anapiga kuuliza imekwendaje.

Mama alikuwa ameanguka kwenye karo la vyombo.

Hospitali waliwapa benchi kwenye ukumbi mrefu unaonuka dawa ya sakafu. Muuguzi alipita mara kadhaa bila kuwatazama. Mke aliomba midomo ikicheza. Mume alishika kiatu kimoja cha mama yake, kilichobaki mkononi mwake wakati wa kumpandisha kitandani, na hakuna aliyemwambia akiweke chini.

Daktari alikuja na maswali yake. Alisema ni kiharusi, upande wa kulia umelala na maneno hayatoki. Akauliza kama kabla ya leo kulikuwa na dalili yoyote, hata ndogo. Mkono kulegea. Bega kushuka. Ulimi kuwa mzito.

Mume alikitazama kiatu.

"Hatukuona kitu," alisema.

Mke aligeuka kumtazama. Angeweza kunyamaza. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika, kalamu inakwenda, na neno lile lingebaki hapo daima kama zawadi. Akaona kwamba hata hapa, mama yake akiwa kitandani, mtu huyu alikuwa anamkinga. Na akaona kitu kibaya zaidi, kwamba huenda hakuwa anamkinga, huenda alikuwa ameanza kuamini kwamba hakuona.

"Aliona," mke alisema. "Aliniambia jana. Alisema bega limeshuka kidole kizima na kikombe amekipokea kwa kushoto. Mimi nikamwambia ni wazo tu."

Daktari aliinua macho. Mke alingoja alaumiwe. Alikuwa tayari, alikuwa anataka. Lakini daktari aliuliza tu ilikuwa saa ngapi, akaandika, akawaambia wangoje.

Mama hakufa. Alirudi nyumbani akiwa na upande mmoja, na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "haya". Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Kama anaumwa, haya. Mke alipomlisha supu, akimfuta kidevu, mama alimtazama kwa macho yaleyale ya mzaha, akakusanya nguvu zote kutafuta jina alilokuwa akimwita, mdomo ukapinda, na likatoka haya.

Mume aliacha kwenda zahanati. Kazini alikwenda, akakata, akarudi. Wenzake walimwita Mstari, naye hakuonekana kulisikia jina. Nyumbani hofu zote zilirudi zikiwa zimenyooka mgongo, kwa sababu mojawapo ilikuwa kweli, na sasa kila moja ilidai isikilizwe kwa ajili ya ile. Alikagua mlango. Alikagua jiko. Aliamka kusikiliza kama mama anapumua. Tofauti ilikuwa kwamba sasa hakusema. Alikuwa amefundishwa kunyamaza, na kilikuwa kitu pekee alichokishika vizuri.

Mke alikwenda kwa mshauri peke yake. Alikaa nyuma safari hii, karibu na mlango, akaeleza kila kitu mpaka pasi na blauzi. Mshauri alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, hakumwambia asijilaumu.

"Alichokuambia siku ile hakikuwa wazo," alisema. "Lilikuwa jambo aliloliona. Alitulia, akatazama, akaona. Kile ndicho tulichokuwa tunamfundisha."

Akatazama viatu vyake. Akasema na yeye ana lake: aliwafundisha kuuliza maswali, hakuwafundisha kwamba kuna mambo yanayoulizwa baada ya kwenda kuangalia. Mke alimuuliza afanye nini. Mshauri akasema akirudi nyumbani asimfundishe mumewe kitu chochote. Hata kimoja. Akae naye tu.

Alipofika alichukua kitambaa chenye maji, akaenda kwenye mlango wa jikoni. Chaki ilikuwa imekaa sana. Maneno yalitoka, lakini sura yake ikabaki kwenye rangi, na ukisimama upande wa dirisha uliweza bado kuyasoma.

Alimkuta mumewe mezani na kile kitambaa cha gauni. Kilikuwa kimetandazwa, bado hakijachorwa. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mto ukimzuia asianguke upande. Mke akavuta kiti.

"Unaogopa nini leo?" aliuliza.

Mume alimtazama, akatazama mlango.

"Nimeufuta," mke alisema.

Mume akaongea akiwa ameinamia kitambaa. Alisema anaogopa kwamba jiko linavuja. Anaogopa kwamba bosi atagundua hajarudi kuwa yule wa zamani. Anaogopa kwamba mama anaelewa kila kitu na anawangoja waseme. Halafu akaliuliza lililokuwa chini ya yote.

"Tungempeleka jioni ile, angekuwa anaongea?"

Mwanafunzi mwema ndani ya mke aliinua mkono na jibu: ushahidi hakuna, kuna maelezo mengine, usijitie hofu. Mke akauacha mkono ule hewani.

"Sijui," alisema. "Huenda angeongea. Nisamehe."

Mume hakusema amemsamehe. Alichukua utepe mfukoni, akaukunjua, akaenda kusimama nyuma ya mama yake. Alivuta pumzi, akaitoa, akatazama. Aliita vipimo kimoja kimoja, na mke akavishika kichwani. Kisha akachora. Mkono wa kushoto aliuchora kama ilivyo desturi yake, mwembamba, wa kukaa vizuri. Wa kulia aliuchora mpana, uliofunguka mpaka kiunoni, wenye sehemu ya vifungo, ili mkono usiojiweza uingie bila kuvutwa. Mistari miwili isiyofanana, kwenye gauni moja, kwa mkono wa mtu ambaye koti lililokosewa lilikuwa limemwangusha. Akakata bila kusita.

Gauni lilipokamilika walimvalisha pamoja, yeye upande huu na mke upande ule. Mkono wa kulia uliingia taratibu. Mke akafunga vifungo kuanzia kiunoni kwenda juu, na alipofika begani mume akarudi nyuma hatua, akainamisha kichwa.

"Limeshuka zaidi," alisema. "Vidole viwili."

Mke hakusimama palepale alipokuwa. Alikwenda akasimama alipokuwa amesimama mumewe, akatazama kutoka pale, kwa muda mrefu.

"Naam," alisema. "Naliona."

"Haya," mama alisema.